Dukani Inawaka, Nyumbani Inazimika

Saa mbili na nusu asubuhi, Bisibisi anaitazama kompyuta inayofanya kazi vizuri, na hilo ndilo linalomtia hofu.

Mashine iko juu ya meza yake, ubavu mmoja ukiwa wazi. Feni tatu zinazunguka. Kwenye kioo, treni ya mizigo yenye mabehewa ishirini na mawili inapanda mlima, na picha haijatetereka tangu alipoiwasha saa moja na robo. Bisibisi amekunja mikono. Hagusi kitu.

"Ingekuwa imekufa ningejua pa kuanzia," anasema bila kugeuza shingo. "Sasa mgonjwa anakuja hospitali anaruka kamba, utampima nini?"

Ni mara ya tatu kompyuta hii kuletwa kwake ndani ya siku kumi na mbili. Ikiwa hapa, inacheza. Ikirudi kwa mwenyewe, picha inakatika, kioo kinakuwa cheusi tii, na simu ya fundi inaanza kulia.

Kwenye kigoda karibu na mlango ameketi mama mtu mzima, mkoba mapajani, macho kwenye mikono ya fundi. Ni mke wa mwenye mashine. Amekuja nayo kwa gari la kukodi, na tangu afike hajatoka hata kwenda kunywa chai.

"Sijaja kugombana," anasema. "Nimekuja kukaa."

Bisibisi ana umri wa miaka arobaini na mmoja, na jina hilo alilipata akiwa darasa la tano. Mjomba wake alikuwa fundi wa redio, naye kila akitoka shule alikwenda kumshikia tochi. Siku moja aliichomeka bisibisi ndogo kwenye nywele ili isipotee, akaisahau humo, akaenda nayo darasani. Mwalimu akaiona, darasa zima likacheka, na jina likagoma kutoka.

Redio zikapungua, zikaja televisheni, zikaja simu, zikaja kompyuta. Amekuwa akihama nazo.

"Mjomba alikuwa akiniambia, chochote chenye skrubu kimeumbwa kifunguliwe," anasema. "Vile visivyo na skrubu hakuniambia nivifanye nini."

Karakana yake iko nyuma ya duka la kupiga chapa. Ili umfikie, unapita katikati ya mashine mbili za kunakili, unabanwa na marobota ya karatasi, unatokeza kwenye chumba cha hatua tano kwa nne chenye dirisha linalotazama ukuta. Meza imetandikwa raba ya kijani. Skrubu zimo kwenye makopo ya maziwa ya unga, zimetengwa kwa urefu. Intaneti hununua kwa bando la simu, kidogo kidogo, kama anunuaye sukari ya kupima.

Kwa wiki hupokea mashine nane au tisa. Wiki njema sana, kumi na mbili. Zaidi ya nusu ya anachopata humezwa na pango, umeme na vipuri. Kinachobaki kinasomesha watoto wawili na kumtunza mjomba, ambaye siku hizi mikono yake inatetemeka na hawezi tena kuchomea waya.

Mwenye kompyuta hii ya treni ni mtu aliyeendesha treni za kweli kwa miaka thelathini na moja. Majirani wanamwita Mzee Honi. Reli ilipita nyuma ya nyumba yake, na kila alipokuwa akirejea zamu alipiga honi mbili fupi, mkewe akajua kwamba baada ya nusu saa chakula kinatakiwa kiwe mezani.

Miezi tisa iliyopita alikatwa mguu wa kulia, chini ya goti, kwa sababu ya kisukari. Alirudi nyumbani, akakaa kwenye kiti cha dirishani, akaacha kuongea.

"Si kwamba alikuwa mkali," anasema binti yake mkubwa, ambaye ni muuguzi. "Ukimwamkia anaitikia. Ukimuuliza umekula, anasema nimekula. Basi. Baba yangu, mtu aliyeweza kukusimulia daraja moja kwa saa nzima."

Binti huyo na wadogo zake wawili wakachanga. Kazini kwake aliwahi kuonyeshwa gemu la kuendesha treni: unakaa kwenye chumba cha dereva, una breki, una taa za ishara, una ratiba ya kutimiza, na unalicheza kwa mikono tu. Wakanunua kompyuta mpya ya gemu, yenye kadi kubwa ya picha, kile kipande kinachochora kila kitu unachokiona kwenye kioo. Gemu ni mchezo, lakini bei yake haikuwa ya mchezo.

Mzee Honi alicheza dakika thelathini na kitu. Picha ikakatika. Walipoizima na kuiwasha tena, kompyuta ilifunguka vizuri, lakini kila walipolifungua gemu, giza.

Muuzaji, aliyekuwa mji mwingine, alitaka irudishwe, akaahidi majibu baada ya wiki sita. Mzee alipoambiwa alisema, "Wiki sita nitakuwa nimesahau breki iko wapi," akaligeukia dirisha lake. Ndipo muuguzi akamkumbuka Bisibisi, aliyewahi kumtengenezea simu.

Ilionekana kazi ya asubuhi moja.

"Kadi ni mgeni, kompyuta ndiyo mwenyeji," Bisibisi anaeleza. "Hawaelewani mpaka kuwe na programu ndogo katikati, inayoziendesha zote mbili. Hiyo tunaiita dereva. Huioni, haina umbo, lakini ikiwa mbovu au ya zamani, hakuna safari."

Alimfuta dereva aliyekuwemo, akapakua mpya kwa bando lake kwenye kompyuta yake ndogo, akamhamisha kwa flashi, akajaribu gemu saa tatu mfululizo. Safi. Aliipeleka mwenyewe.

Mzee Honi alimuuliza ugonjwa ulikuwa nini.

"Dereva alikuwa mbovu, mzee."

Mzee aliigeukia mashine. "Nimeendesha miaka thelathini na moja," akasema, "leo wanangu wameninunulia mashine isiyo na dereva." Akacheka. Mkewe anasema hicho kilikuwa kicheko cha kwanza tangu hospitali.

Bisibisi hakuwa amefika hata nusu ya njia simu ilipolia. Giza.

Mara ya pili alifungua kila kinachofunguka. Akabadilisha kebo ya kioo. Akapima kifaa cha umeme, kikawa kizima. Akaichomoa kadi, akapuliza, akairudisha. Akamfuta dereva, akamweka upya, akaiacha mashine ikiendesha treni peke yake siku nzima huku yeye akishughulika na kazi za watu wengine. Haikukohoa. Ikarudi nyumbani. Dakika thelathini na saba.

"Nilianza kujiuliza kama nina akili timamu," anasema. "Niliuliza wenzangu. Mmoja akasema ni joto. Mwingine akasema umeme. Wa tatu akasema kadi ni ya bandia. Wa nne akaniambia nimshauri mteja ahame nyumba."

Wakati yeye anauliza mafundi, familia ya Mzee Honi nayo ilikuwa na mshauri. Jirani wao, mwanamume asiyekosa neno, aliwaambia huo ni mchezo wa zamani: fundi anaweka kadi nzima wakati wa kujaribu, mkigeuka anaibadilisha, anawapa mbovu. Hakuwa amemwona Bisibisi hata siku moja. Alisema tu.

Ndiyo maana asubuhi hii kuna mama kwenye kigoda.

Bisibisi anajua neno kama hilo linavyotembea. Miaka sita iliyopita alikuwa na mshirika, na duka lao lilikuwa barabarani kabisa. Mteja mmoja alidai kipande cha ndani ya kompyuta yake kimebadilishwa. Haikuwa kweli, lakini hakukuwa na namna ya kuthibitisha. Ndani ya miezi mitatu wateja walipukutika, mshirika akajitoa, naye akajikuta nyuma ya mashine za kunakili.

"Kuitwa mjinga naweza kuvumilia. Mjinga anajifunza," anasema kwa sauti ya chini, mama asisikie. "Lakini neno mwizi likishakukalia, hata ukinawa mikono mbele za watu watasema unafuta ushahidi."

Saa nne kasoro robo anaizima kompyuta. Anafunika ubavu, anakaza skrubu moja moja huku mama akitazama. Kisha anafuta mikono, anachukua begi lake la vifaa.

"Mama, twende wote."

"Wapi?"

"Nyumbani kwako. Wewe umekaa kwangu, acha na mimi nikae kwako."

Mama anafikiri. Anafungua mkoba, anaufunga. "Chakula sikupanga cha mtu wa tatu," anasema.

"Nitakunywa maji."

Sebule ya Mzee Honi ni nadhifu, ina saa ya ukutani, kabati la vyombo na picha moja kubwa ya harusi. Meza ya kompyuta imewekwa dirishani, karibu na kiti chake. Mzee amevaa shati lililopigwa pasi na saa pana ya mkononi. Anamwona fundi mlangoni na kompyuta kifuani.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, fundi. Umeleta treni au umeleta giza?"

"Sijui, mzee."

"Angalau husemi uongo. Karibu."

Saa tano na dakika kumi mashine inawashwa. Bisibisi anamfuta dereva, anamweka upya kutoka kwenye flashi, kama alivyofanya kila mara. Mzee anaanza safari ya treni ya abiria, vituo tisa. Anaendesha akiwa ameinama mbele kidogo, na mara kwa mara anamkosoa mtengenezaji wa gemu. "Ishara hii wameiweka vibaya," anasema. "Dereva angeiona ameshaipita."

Fundi anapima umeme wa soketi: wa kawaida. Anapima joto: chini kuliko la dukani. Jikoni friji inaanza kuvuma, na yeye anashtuka, anaandika saa. Hakuna kitu. Treni inapita daraja. Kituo cha nne. Cha tano.

Dakika ya thelathini na sita, kioo kinakuwa cheusi.

Hakuna cheche wala harufu. Feni zinaendelea kuzunguka. Na sauti ipo: magurudumu yanagonga maungio ya reli gizani, ta-ta, ta-ta. Bisibisi ananyoosha mkono kuizima.

"Iache," anasema Mzee Honi. "Naisikia."

Vidole vyake bado viko kwenye vitufe. Anasikiliza huku kichwa kimeinama. Mlio wa magurudumu unapungua, unapungua tena, breki zinalia kwa mbali, kisha kimya. Halafu, kwenye kioo kisicho na chochote, inasikika milango ya mabehewa ikifunguka na watu wakishuka.

"Kituo cha sita," anasema mzee.

Mkewe amesimama kwenye mlango wa jikoni na mwiko mkononi. Muuguzi, aliyetoka zamu na kujilaza kwenye kochi, amejiinua kwa kiwiko.

Baada ya hapo zinafuata saa mbili za vurugu. Bisibisi anaamini ni friji. Inachomolewa, inasogezwa, soketi yake inachunguzwa. Kompyuta inawashwa upya, dereva anafutwa, anawekwa. Giza. Labda ni soketi ya sebuleni. Waya mrefu unavutwa kutoka chumba cha kulala. Giza. Redio inazimwa, feni ya dari inazimwa, simu zote zinapelekwa uani. Jirani yule mshauri anaingia bila kubisha, anaangalia, anatangaza kwamba mabati ya paa yanavuta picha. Hakuna anayemsadiki, lakini Bisibisi anakiri kwamba aliyatazama mabati.

"Nilifika mahali hata saa ya ukutani niliishuku," anasema.

Kufikia saa nane mchana karibu nyumba nzima imezimwa isipokuwa kompyuta.

"Bado mimi tu hamjanizima," anasema mke wa mzee.

Bisibisi anakaa chini sakafuni, mgongo ukutani. Anawaza kurudisha hata kidogo alicholipwa, anawaza jirani atakavyosimulia. Ni Mzee Honi anayemwita.

"Fundi, nikuulize kitu cha kijinga."

"Uliza tu, mzee."

"Hii inachoka kwa kukimbia, au kwa kukaa macho?"

"Sijakuelewa."

Mzee anainua mkono wenye saa. "Mara ya kwanza leo nilianza safari pale pale ilipowaka. Ikakata dakika ya thelathini na sita. Mara ya pili mlikuwa mnahangaika na friji, mimi nimeanza safari ikiwa imeshakaa dakika ishirini. Ikakata nimeendesha kumi na tano tu. Ya tatu, hivyo hivyo. Mashine yako haihesabu safari. Inahesabu tangu iwashwe."

"Umeyapima yote hayo?"

"Dereva asiyetazama saa ni abiria."

Bisibisi anainuka. Anasema baadaye kwamba ni kama mtu alimfungulia dirisha, ingawa nje bado hakuona kitu. Kama ni joto, lingehesabu tangu gemu lianze, kwa sababu gemu ndilo linaloichosha kadi. Kama ni umeme, usingekuwa na adabu ya kusubiri dakika thelathini na tano kila mara. Kuna jambo kompyuta inalifanya yenyewe, ikishakaa nusu saa, mtu acheze au asicheze.

Safari hii haliwashi gemu. Anamweka dereva wake, anafungua ukurasa mdogo unaoonyesha maelezo yake, namba na tarehe: mwezi huu. Anavuta kigoda. Wote wanne wanatazama ukurasa usio na kitu cha kutazama. Mzee anataja dakika kama mtangazaji wa stesheni.

"Thelathini na nne. Thelathini na tano."

Kioo kinapepesa mara moja, kama jicho lililoingiwa na vumbi, kisha kinatulia. Bisibisi anaufunga ukurasa na kuufungua upya. Anausoma. Anausoma tena huku kidole kikiwa juu ya namba.

"Huyu si wangu," anasema.

"Nani?" anauliza mama.

"Dereva. Huyu ni wa mwaka jana. Amebadilishwa."

Mama anageuka kumtazama mumewe, kisha binti yake, kisha fundi. "Nani kambadilisha," anauliza polepole, "na sisi wote tuko hapa?"

Ni swali zuri. Mikono ya fundi ilikuwa magotini. Mlango ulikuwa umefungwa.

Bisibisi anakagua kioo kona kwa kona, na kule chini kulia anaona alama ndogo ya intaneti, imejaa.

"Hii iliunganishwa na nani?"

"Waifai? Mimi," anasema muuguzi. "Siku ile ile ya kwanza. Kisanduku chake kiko juu ya kabati, hicho hatukukizima. Kwani ni kosa?"

Dukani kompyuta hii haikuwahi kuonja intaneti. Kila kitu kilihamishiwa kwa flashi, kwa sababu bando ni ghali. Nyumbani, kila ikiwashwa, ilijiunganisha yenyewe, ikasubiri, ikaenda kuchukua dereva mwingine iliyemwona anafaa, ikamkalisha juu ya yule wa fundi bila kumuuliza mtu. Huyo wa zamani aliweza kuonyesha maandishi na picha za kawaida. Gemu zito lilimshinda.

"Na kila ilipoletwa kwangu nilimfuta bila kumsoma," anasema Bisibisi. "Hilo ni kosa langu. Nilikuwa nafagia bila kutazama ninachofagia. Ningesoma tarehe mara moja tu, wala tusingesumbua friji ya watu."

Hakutaka kushangilia mapema. Walizima waifai, akamrudisha dereva wake, na mzee akaendesha saa nzima bila kukatika. Wakaiwasha waifai. Dakika ya thelathini na tatu, giza. Mzee Honi akasema, "Sasa tumemkamata."

Dawa yenyewe ilichukua muda mfupi kuliko kuhamisha friji. Bisibisi aliingia kwenye mipangilio, akaikataza kompyuta kujichukulia madereva yenyewe, akamfuta yule wa mwaka jana mpaka mabaki yake, akamweka wake, akaiacha intaneti wazi. Kisha akasubiri, maana hakuna aliyekuwa tayari kumwamini, yeye mwenyewe akiwemo. Saa kumi na mbili jioni treni ilikuwa bado inakwenda, na Mzee Honi alikuwa akimweleza jirani kwa nini dereva mzuri hafungi breki kwenye kona. Jirani hakupata nafasi ya kutia neno.

Mke wa mzee aliweka sahani nne mezani, akamvutia fundi kiti.

"Nilikufikiria vibaya," alimwambia.

"Hukunitukana, mama."

"Kukaa pale mlangoni mwako kulikuwa tusi."

"Ungekaa kwako, tusingefika hapa," Bisibisi alimjibu, na anasema hakulisema kwa adabu tu.

Siku tano baadaye mama huyo alifika tena karakana, safari hii na simu iliyovunjika kioo. Aliiacha mezani, akaaga. Yule jirani naye alituma redio. Bisibisi ameipokea kama kazi nyingine yoyote. Aliyeituma anajua maneno aliyosema, na anayeitengeneza anayajua pia, na wala hayakutajwa.

Nyumbani kwa Mzee Honi, muuguzi anasema baba yake sasa anagombana na ratiba ya gemu, anadai haitoi muda wa abiria wazee kushuka. Jioni mkewe anavuta kiti, anaketi kando yake, na anaulizwa anataka kushukia wapi. Wiki iliyopita mzee alikubali kwenda kupimwa mguu wa bandia, jambo alilolikataa mara mbili. Hakutoa sababu na hawakumuuliza, wasije wakaharibu.

Bisibisi, kwa upande wake, hajatulia. Kuna jambo linamla kichwa mpaka leo: kwa nini kompyuta imuone dereva wa zamani kuwa bora kuliko mpya? Amesoma, ameuliza wenzake, kila mmoja ana lake.

"Najua namna ya kuizuia," anasema. "Kwa nini inafanya hivyo, sijui. Nimeacha kuona aibu kusema sijui. Aibu ndiyo ilinifanya niirudishe mara mbili nikijidai nimemaliza."

Anaweka akiba ya kuvuta intaneti ya kudumu karakana, ili mashine iishi kwake kama itakavyoishi kwa mwenyewe. Amekadiria miezi minne, watoto wasipougua. Na kuanzia mwezi huu, Jumamosi hafungui chumba. Anatembea na begi lake nyumba kwa nyumba, kwa wale ambao mafundi wamewaambia vifaa vyao ni vizima.

Jumamosi hii ana miadi na mwalimu mmoja ambaye printa yake nyumbani inaruka kila ukurasa wa tatu. Imeshapelekwa kwa mafundi wawili, na kwa wote wawili imechapa kurasa zote.

"Sielewi hata kidogo," anasema Bisibisi, akipanga vifaa kwenye begi. "Nimemuuliza huwa anachapa saa ngapi. Nitafika saa hiyo hiyo."